Njaa Iliyokataa Kuandama

Mwaka huu njaa yangu iliandama siku ya tatu ya mfungo, saa nne asubuhi, nikiwa nimeshika mkono wa mtu mwingine. Ilinibana tumboni ghafla, nikauachia ule mkono na kukaa juu ya boksi la vifaa. Waliokuwa kwenye foleni walielewa palepale.

"Imeandama, Bi Nyamizi?"

"Imeandama."

Foleni nzima ikanipongeza kana kwamba nimejifungua. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, miguu inaniuma tangu alfajiri, na watu themanini bado hawajapimwa. Nilitamani kulala kuliko kupongezwa.

Sisi wa Magadini tunaizungumzia njaa kama wengine wanavyouzungumzia mwezi mwandamo, kwa sababu miezi kumi na moja ya mwaka hatuna. Kila mtu mzima hapa ana punje chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, ndogo kama mbegu ya papai, imejaa seli hai zinazotengeneza homoni ya shibe. Utawala unaiita kwa jina refu lenye tarakimu. Sisi tunaiita mpakuzi, kwa kuwa ndiye anayeamua sahani yako iwe na kiasi gani. Tangu Ukame Mrefu ghala linatoa nusu sahani kwa kila kichwa, na mpakuzi anahakikisha hiyo nusu inakutosha, tena unabakiza kijiko kwa ustaarabu. Nimewatunza wapakuzi wa Magadini kwa miaka kumi na tisa. Miaka yote hiyo sijaona mtu akigombea chakula na mwenzake, na kwa mimi niliyeuona Ukame wenyewe, hilo si jambo dogo.

Ramadhani ndiyo tofauti. Hakuna fatuwa iliyotolewa. Jambo lilianza na wakwanguaji wa bwawa la kwanza, wale waliotangulia kuja kukwangua magadi kwenye ziwa lililokauka. Walisema kushinda bila kula wakati husikii njaa si kufunga, ni kusahau tu. Wakaomba wapakuzi wao walazwe kwa mwezi mmoja, Utawala ukakubali na kuongeza kidogo kwenye futari. Basi kila mwaka, siku ya kuamkia mfungo, nazunguka na kifaa changu. Nakigusisha kwenye mkono wa kila anayefunga, taa inabadilika kutoka kijani kuwa njano, na mpakuzi analala. Homoni iliyobaki kwenye damu inatoka yenyewe. Siku ya pili watu wanaanza kunusa harufu za jikoni. Siku ya tatu njaa inaandama na mitaani ni shangwe: yangu imekuja, yako je?

Siku hiyo, baada ya pongezi zangu, aliyefuata kwenye foleni alikuwa Kondo Mwinshehe wa bwawa la nne. Kondo ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na asiyeujua utani wetu angedhani tunachukiana. Anaweza kuingia bandani kwangu akachukua kuku akamchinja nami nisiseme neno. Mimi nimewahi kumvua kofia barazani mbele ya wakwe zake nikakaa nayo wiki nzima. Mtani hakasirikiwi. Ndiyo sheria pekee Magadini ambayo haikuandikwa na Utawala.

"Mpagazi wangu," alisema akininyooshea mkono, "leo mbona umekaa? Mzigo umekushinda?"

"Njaa imeandama. Yako je?"

"Mie sisikii njaa, mtani."

"Itakuja lini?"

"Njaa inawaogopa Wazaramo. Ilichungulia mlangoni, ikaniona, ikaenda kulala kwa Wanyamwezi."

Nilicheka mpaka tumbo tupu likauma. Kifaa kilionyesha mpakuzi wake amelala fofofo, hatoi hata chembe. Nikaandika kitabuni: hana malalamiko. Siku ya tisa nilimuuliza tena akajibu vilevile, sisikii njaa, akaongeza kwamba kwa ulafi wangu labda nimeila na ya kwake. Nikacheka. Siku ya kumi na nane nilimuuliza kutoka ng'ambo ya barabara, akanipigia kelele kwamba bado haijaandama, nami nikamjibu kwa sauti kwamba ataingoja mpaka minazi irudi Uzaramoni, ambako bahari imeimeza yote. Watu walitucheka sote wawili. Kitabuni imo mara tatu, kwa mwandiko wangu: hana malalamiko.

*

Siku ya ishirini na saba mke wa Kondo alikuja kliniki. Mwanahawa ni mwanamke mpole, mfumaji wa mikeka, hajawahi kuja kulalamika juu ya chochote. Alikaa kwenye benchi mpaka watu wote wakaondoka.

"Bi Nyamizi, mume wangu ananenepa."

"Ramadhani hii? Mpe hongera."

"Sifanyi mzaha. Uso umejaa, miguu haiingii kwenye viatu. Lakini nikimgusa mgongoni nashika mifupa mitupu." Alivuta mtandio wake. "Nikimfuturisha anakula tende moja, anakunywa uji vijiko viwili, sahani anawasogezea watoto. Daku haamki. Nikimwambia kula, anasema ametosheka. Na msalani..."

Alisita. Kumpa mtani habari za msalani za mume wako ni kumpa fimbo ya kumchapia mwaka mzima.

"Sema, mama. Leo si mtani."

"Anakaa sana na hakitoki kitu. Kikitoka kina povu."

Nilichukua mkoba na kutoka naye. Tulikwenda moja kwa moja bwawa la nne. Jua lilikuwa utosini na ardhi nyeupe ya magadi ilikuwa inalirudisha machoni, hata ukifumba. Wakwanguaji walikuwa wameinama kwenye mistari yao, na Kondo alikuwa ameketi peke yake kwenye kivuli cha tangi la maji, ametandaza miguu iliyovimba. Nilibonyeza kifundo cha mguu wake kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki pale.

"Aa, unanipima kama papai sokoni," alisema.

Nilimtoboa kidole, nikadondoshea damu kwenye kipande cha kupimia. Vipande hivi ni vichache na kanuni inasema vitumike baada ya Idi tu, wapakuzi wakishaamshwa. Ndiyo maana mwezi mzima nilikuwa napima kama mpakuzi amelala, sipimi kilichomo kwenye damu. Kipande kiligeuka zambarau mpaka ukingoni. Damu ya mtu aliyefunga siku ishirini na saba ilikuwa na shibe kuliko ya bwana harusi aliyetoka mezani.

Mwili wenyewe hutengeneza shibe yake na huifuta upesi. Chakula kikifika utumboni, seli za ukuta wa utumbo humwaga homoni kwenye damu, na ubongo unapata habari kwamba imetosha, weka kijiko chini. Baada ya dakika mbili tu, nusu ya homoni ile imeshakatwa na kimeng'enya kinachozunguka kwenye damu, kazi yake ni ya mkasi. Ndiyo maana watu wa zamani walikula mchana na jioni wakatamani tena. Waliomtengeneza mpakuzi waliipinda homoni yake mahali pamoja ili mkasi usiweze kuiuma, na shibe ikadumu. Ikabaki njia moja ya kutokea, nayo ni figo, homoni ichujwe iende na mkojo. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa mtu mwenye figo nzima anayefanya kazi kivulini.

Wakwanguaji hawana kivuli. Mwaka baada ya mwaka jua linawakausha, figo zinachoka kidogokidogo bila kuuma, na mlango ule mmoja unaanza kujifunga. Mpakuzi wa Kondo alikuwa amelala karibu mwezi mzima, lakini alichokimwaga kabla ya kulala kilikuwa bado kinazunguka mwilini mle, kinamwambia imetosha. Maji yaliyoshindwa kutoka yaliujaza uso wake, na sisi tukaona mtu mwenye afya.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikuona mzaha usoni mwake.

"Nilikuambia. Mara tatu."

Mwanahawa aligeuka akatazama bwawa. Mimi sikuwa na pa kugeukia.

"Mara ya kwanza nilitania kweli," Kondo alisema. "Mara ya pili nilitaka unisikie. Ulipocheka nikasema basi, heri acheke. Maana ni aibu, mtani. Wenzangu jioni wanatetemeka kwa njaa, mie nimekaa kama nimetoka arusini. Nilidhani funga yangu imekataliwa. Mtu mzima utamwambia nani hilo?"

"Imekataliwa na nani? Ni figo, Kondo. Figo zako zimechoka."

"Kumbe." Alifikiri kidogo. Kisha akapunguza sauti. "Hata wenzangu?"

"Wenzako gani?"

Alitazama mstari wa watu walioinama. Alijuta kusema, nilimwona. "Hapa bwawa la nne tupo kadhaa. Tunataniana kwamba njaa imetuacha. Usiulize majina, tafadhali. Kila mmoja aliniambia kwa siri."

*

Daktari Ansila alikishika kile kipande kwa muda mrefu. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini, na tangu afike Magadini sijamwona akimaliza chai ikiwa ya moto. Hakushangaa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya lolote alilosema baadaye.

"Ulijua," nilisema.

"Nilishuku. Kushuku si kujua." Alikiweka kipande mezani. "Bi Nyamizi, huyu anaweza kupona. Treni inafika siku ya pili ya Idi. Nitaandika kwamba ameumia mguu bwawani, atapanda, na mjini watamsafisha damu kwa mashine. Mpakuzi wake tusimwamshe. Mpaka siku hiyo ale kwa lazima, hata kama hataki, na apumzike. Wewe utaniachia kipande hiki na utasaini kwamba ni mguu."

"Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Daktari, usinifanye mtoto. Asubuhi ya Idi natakiwa niwaamshe wapakuzi wote. Mpakuzi akiamka humwaga dozi ya wiki nzima kwa mpigo. Kwa mtu ambaye figo zake hazitoi, hiyo dozi inakwenda wapi?"

Nje watu walikuwa wanapita wakitaniana, nasikia mmoja anauliza mwenzake amebakiza nini cha kufuturu.

"Sikiliza," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu. "Tukisema, hitilafu inaandikwa. Hitilafu ikiandikwa, kanuni inafunga kituo chote cha Magadini. Hakuna anayepanda treni mpaka wakaguzi waje, na wakaguzi ni mwezi mzima. Kondo hana mwezi mzima. Hilo la kwanza. La pili, tuseme wote wa mabwawani watolewe mpakuzi. Watataka sahani nzima. Ghala lina nusu. Nitatoa wapi nusu nyingine? Kwa watoto? Wewe uliuona Ukame ukiwa mkubwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, lakini niliuona. Nilimwona baba yangu akimnyang'anya jirani mkungu wa ndizi mbichi. Alikuwa mwalimu wa dini."

"Kwa hiyo wafe wameshiba."

"Nitawafuatilia mmoja mmoja. Kimyakimya."

"Kabla ya Idi?"

Alisogeza fomu mbele yangu, na juu yake ameshaandika jina la Kondo.

Nitasema ukweli, sikuwa shujaa siku ile. Nilimfikiria Kondo, nikamfikiria Mwanahawa na watoto wanne, nikaona mtu mmoja ninayemjua ni mzito kuliko watu wengi nisiowajua majina. Nikasaini. Nikampa na kile kipande cha zambarau. Aliponishukuru niliona macho yake yamelowa, na sikuweza hata kumchukia.

*

Siku ya ishirini na nane nilikwenda kwao kuwapa habari. Mwanahawa alilia kwa furaha, akaanza palepale kukunja mashati ya mumewe. Kondo alikuwa kitandani, sahani ya mhogo imepoa pembeni.

"Treni!" alisema. "Mie nilikuja hapa kwa miguu, naondoka kama bwana mkubwa. Nani mwingine anakwenda?"

"Wewe peke yako."

"Mmh."

Nilimwambia ale. Alichukua kipande cha mhogo, akakitafuna taratibu, huku jasho linamtoka, kwa maana kula bila njaa ni kazi ya kubeba. Alimeza vitatu tu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida, bila kunitazama, kama wale wengine wataamshwa asubuhi ya Idi.

"Ndiyo," nilisema.

"Na wewe ndiye utakayewaamsha."

"Ndiyo kazi yangu."

"Haya, mtani," alisema, akageukia ukutani.

Nilirudi nyumbani na njaa yangu. Miaka mingine nilikuwa nikiipenda ile njaa ya siku za mwisho, kwa sababu inakukumbusha kwamba una mwili na mwili una haja zake. Mwaka huu niliionea aibu. Nilikuwa na kitu ambacho watu walikuwa wanakikosa na wangekufa kwa kukikosa, nami nilikuwa nakihifadhi kwa utulivu mpaka nitakapofuturishwa.

*

Siku ya ishirini na tisa jioni Magadini yote ilikuwa inatazama magharibi. Bwawa la nne hufuturu pamoja, mikeka inatandikwa kwenye uwanja wa tangi, na kwa kuwa huenda ndiyo ilikuwa futari ya mwisho, wanawake walijitahidi: uji wa pilipili manga, mhogo, kunde, samaki mkavu mmoja kwa sahani sita. Kondo aliletwa kwa mkokoteni wa magadi, akakataa kubaki ndani. Alisema hawezi kusafiri bila kuagana. Daktari Ansila naye alikuja. Hafungi, lakini huja kila mwaka kwa heshima, hukaa mwisho wa mkeka na kikombe chake.

Adhana ilipotolewa watu walikula tende, wakanywa maji, wakasimama kuswali. Waliporudi sahani zilikuwa zimepakuliwa. Hapo ndipo nilipoona.

Mzee wa upande wa kushoto alisogeza sahani yake kwa kijana aliye karibu naye. "Karibu, mie nimetosheka." Mstari wa pili, mmoja alimpa mwenzake kipande chake chote cha samaki, akajipangusa mdomo mkavu. Mwingine alikuwa akichezesha kunde kwa kidole, anazungumza sana ili asionekane hali. Wote walikuwa na nyuso zilizojaa. Miaka yote nimeketi kwenye mikeka ile na kuuita huo ukarimu. Nimewasimulia hata wageni: njooni muone watu wa Magadini walivyo na adabu ya chakula.

Nilisimama. Sikuwa na hotuba, na hata ningekuwa nayo hakuna ambaye angeiondoa aibu ya mtu kwa hotuba. Nilikuwa na utani tu. Utani unaruhusu kuchukua kuku wa mtu, shati lake, kofia yake mbele ya wakwe. Sikujua kama unaruhusu kumchukulia mtu nafasi yake kwenye treni. Hakuna aliyewahi kujaribu.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwa Kondo, nikainyakua sahani yake, nikaiinua juu ya kichwa changu.

"Waungwana!" nilipaza sauti. "Mwaona jambo hili? Mzaramo ana sahani na hali! Tangu lini Mzaramo akaacha chakula? Ana nini huyu? Anacheza ngoma tumboni?"

Watu waliangua kicheko. Walifurahi, walikuwa wameingoja vita yetu mwezi mzima. Mwanahawa peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, kwa kuwa alielewa kabla ya wengine ninachokifanya, na kwamba kilikuwa cha mumewe. Mwisho wa mkeka Daktari Ansila aliweka kikombe chini.

"Nimemuuliza siku ya tatu," niliendelea, "nikamuuliza ya tisa, nikamuuliza ya kumi na nane. Haya, nakuuliza mara ya nne, mbele ya bwawa zima. Kondo Mwinshehe, njaa yako imeandama?"

Kicheko kilikuwa bado kinaendelea. Kondo aliniinulia uso wake uliovimba. Nilitaka kumwambia unisamehe, nikakumbuka kwamba mtani haombi msamaha. Kondo akashika bega la aliyekuwa jirani yake, akajivuta, akasimama kwa ile miguu yake.

"Mie sisikii njaa, mtani," alisema.

Hakusema kwa sauti ya utani. Alisema kama mtu anavyotaja jina lake mbele ya karani. Kicheko kilikatika mstari kwa mstari mpaka uwanja wote ukanyamaza, na safari hii hapakuwa na aliyecheka, mimi wa kwanza.

"Mwezi mzima sijaisikia," alisema Kondo. "Bi Nyamizi kanipima. Si Mungu. Ni figo, zimeharibika kwa jua la bwawani, zinashindwa kuitoa dawa ya mpakuzi. Ukiamshwa kesho, inajaa, unakufa umeshiba. Mie nilikuwa niondoke kimya na treni. Haya, nimesema."

"Nani mwingine?" niliuliza. "Simtaji mtu. Nani mwingine haijaandama?"

Niliona watu wakitazama sahani zao, wakizitazama na za wenzao, wanajua sote tunachokijua, kwamba nusu sahani hii itabidi ikatwe tena. Nilidhani nimeshindwa. Nilidhani nimemuua Kondo bure.

Yule mzee wa kushoto ndiye aliyeanza. Hakuinua mkono, aliirudisha sahani yake tu. Aliitoa mbele ya kijana, akaivuta taratibu mpaka mbele ya magoti yake, akaitazama kama mtu aliyefumaniwa. Wa mstari wa pili akamwomba mwenzake samaki wake. Aliyekuwa akizungumza sana akanyamaza. Halafu mmoja karibu na tangi, halafu wawili ambao ni ndugu, halafu mwanamke anayekwangua pamoja na wanaume na ambaye hakuna aliyemfikiria. Nilianza kuhesabu nikaacha.

Daktari Ansila aliinuka. Nilijua anakwenda kuandika, kwa sababu sasa hapakuwa na jinsi nyingine, na kituo kingefungwa kabla ya mwezi kuonekana. Alipopita karibu yangu alisimama.

"Treni yake," alisema.

"Najua."

"Na chakula utakitoa wapi?"

"Sijui, Daktari."

Alitazama uwanja ule wa watu kimya wenye sahani mbele ya magoti. Akatoa kile kipande cha zambarau mfukoni mwa koti, akanirudishia, akaenda zake kliniki.

Kondo alikuwa ameshaketi. Mwanahawa alikaa nyuma yake akimwegemeza kifuani. Kondo alininyooshea mkono.

"Nirudishie sahani yangu, mpagazi. Umeishika mno, utaila."

Nilimrudishia. Alichovya mhogo kwenye kunde, akatia mdomoni, akatafuna kwa kazi, akameza. Kisha tonge la pili. Yule mzee akaanza kula, na ndugu wawili wakaanza, na yule mwanamke, kila mmoja na jasho lake, kila mmoja anajilazimisha. Sisi wengine tulikuwa tumeshinda tangu alfajiri, matumbo yananguruma mpaka yanasikika, na chakula kiko mbele yetu kinapoa. Hakuna aliyetuambia. Tulikaa tumeweka mikono mapajani, tukawasubiri wamalize, ndipo tukaanza.